Picha Iliyobaki Ng'ambo ya Mto

Mzee yeyote wa mtaa wetu wa Mangobo aliyewahi kucheza mpira akiugua, watu hawaulizi kwanza homa imefika wapi. Wanauliza kama Papa Arbitre ameshafika. Kama hajafika, familia inatulia, mgonjwa anapewa uji na vidonge vyake, na maisha yanaendelea. Lakini akionekana kwenye kona, soksi zimevutwa hadi magotini, mkoba wa ngozi kwapani, mashangazi wanaanza kuulizana ni nani mwenye viti vya kukodisha.

Si mchawi, wala sijamsikia akimtakia mtu mabaya. Ni mwamuzi mstaafu wa mpira, na anachofuata kwa wagonjwa ni picha.

Picha zenyewe hazizidi ukubwa wa kiberiti. Zilikuwa zikitoka ndani ya pakiti za chingamu wakati nchi bado ikiitwa Zaire: kila pakiti mchezaji mmoja wa hapa mjini, amepiga goti au amesimama mikono kiunoni, na nyuma yake namba na maneno mawili matatu ya kumsifu. Seti nzima ni picha arobaini. Watoto wa wakati ule walitafuna mpaka taya zikauma, wakabandika wachezaji wao kwenye milango, kwenye masanduku, kwenye madaftari ya shule. Kisha zikaja mvua, panya, uporaji na vita, kila kimoja kikachukua sehemu yake. Wa mwisho kuja alikuwa Papa Arbitre, ameshastaafu, hana shughuli, na pensheni yake ikifika mara chache kama mgeni anayeogopa kupewa kazi. Akaamua kuzikusanya zote arobaini kabla hajafa.

Mimi nina studio ndogo ya picha na fotokopi, na ukuta wa nyuma wa studio ndio ukuta wa mbele wa chumba chake. Kwa hiyo nimemsikia akikohoa, akisali, akigombana na redio na akipiga filimbi kwa miaka mingi kuliko nilivyoishi na mume wangu. Alizaliwa wapi na kwa nani sijui. Akiulizwa, husema alizaliwa katikati ya uwanja, dakika ya kwanza, na mimi nimeona hilo linatosha.

Filimbi hiyo haijastaafu. Wanawake wakigombana bombani, yeye hutoka, anapuliza mara moja, anaonyesha kwa mkono nani achote kwanza. Wanamtukana, kisha wanatii. Katika mfuko wa shati anabeba bado ile kadi ya njano na ile nyekundu, kingo zimelegea kwa jasho, na nimewahi kumwona akimwonyesha ya njano mwendesha toleka aliyemzungusha njia ndefu kwa baiskeli yake ili aongeze bei. Kanisani hukaa benchi la pili, na mahubiri yakifika dakika ya arobaini na tano huinua mkono na kutazama saa yake, polepole, mpaka padri amwone. Padri wa zamani alikuwa akikatisha. Huyu mpya bado hajajua mpira.

Mtu wa namna hiyo ungedhani anakusanya wachezaji kwa sababu aliwapenda. Hakuwapenda hata kidogo. "Bachezaji iko paka batoto benye ndevu," ndivyo asemavyo, yaani si chochote ila watoto wenye ndevu, na akifungua albamu yake anakuonyesha ushahidi. Hakuwapanga kwa namba, wala kwa timu, wala kwa nafasi zao uwanjani. Amewapanga kwa makosa. Kurasa za kwanza ni za wale waliokuwa wakijiangusha. Zinafuata za wale waliovuta jezi, kisha waliopoteza muda, kisha waliomtukana yeye mwenyewe, na hawa amewagawa tena: waliomtukana yeye peke yake, na waliomtukana pamoja na mama yake. Ukurasa wa mwisho aliuacha kwa ajili ya mtu mmoja tu, na ulikuwa mtupu. Nitamfikia.

Niliwahi kumwuliza kwa nini ajisumbue na watu aliowachukia hivyo. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, anangoja umeme urudi. Akaniuliza na yeye, akiniita binti yake kama anavyozoea.

"Ma fille, kuko mutoto gani alishanunuaka chingamu juu apate arbitre?"

Nikasema hakuna mtoto aliyenunua chingamu ili apate mwamuzi.

"Bon. Mule ndani ya arobaini, arbitre haiko hata moja. Na mi nilikuwa pale kila dimanche, nakimbia kupita bale bote. Sasa nani atasema nilikuwa pale? Paka bale benye kunitukana."

Nilicheka, kisha nikaona haya kidogo kwa kucheka, maana yeye hakuwa anatania: Jumapili zake zote zilikwisha uwanjani.

Mkewe, Mama wa mikate, anayekaanga mandazi yake, ambayo hapa tunayaita mikate, mbele ya nyumba tangu alfajiri, ana maelezo mafupi zaidi. "Bazee bengine banatafutaka babibi," huwaambia wateja huku akigeuza mikate kwenye mafuta. "Wa kwangu anatafutaka banaume bazee. Nitamushitaki wapi?"

Sasa, kukusanya vitu vya kale kunataka pesa, na Papa Arbitre hana. Akafanya kama wafanyavyo watu wasio na pesa, akaigeuza shida yake kuwa sheria. Picha ya kununua, anasema, ni biashara. Picha ya kubadilishana ni mchezo, na yeye ni mtu wa michezo. Hajawahi kulipa hata faranga moja kwa picha yoyote katika zile zake. Badala yake alibuni njia ambayo mimi, kwa bahati mbaya, ndiye fundi wake.

Wenyeji wanajua matanga yetu yalivyo. Turubai linafungwa, viti vinapangwa, na mbele ya wote inawekwa picha kubwa ya marehemu ndani ya fremu, ili wanaokuja kulia wajue wanamlilia nani. Familia isiyo na picha kubwa inaona aibu kama familia isiyo na chakula. Hapo ndipo Papa Arbitre anapoingia, na kilo ya sukari mkononi. Analia kidogo, kwa haki. Kisha anawaomba wenye nyumba wampe ile picha ndogo ya chingamu, chafu, iliyokunjika, ambayo marehemu aliificha kwenye Biblia au chini ya godoro. Anakuja nayo kwangu. Naipiga skani, naikuza, naongeza mawingu nyuma, msalaba juu, na chini yale maneno ya kumtakia marehemu pumziko la amani. Naiweka plastiki. Familia inapata marehemu mwenye mawingu, kijana, misuli imejaa, saizi ya dirisha. Papa Arbitre anabaki na kile kikaratasi. Kila mtu anaamini amempunja mwenzake. Mimi nalipwa kwa mikate ya mkewe, ndiyo maana nimenenepa.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huyu ameinama kweli. Nimemwona akitoka chini ya kitanda cha mjane wa golikipa mmoja, nywele zimejaa utando wa buibui, picha ameishika kwa meno. Picha nyingine ilikuwa imebandikwa kwa gundi ya muhogo kwenye mlango wa kabati la jikoni, na kila alipojaribu kuibandua ilitaka kuchanika usoni. Akamwita seremala wake wa kanisani, akamwombea mama mwenye nyumba mlango mpya, na ule wa zamani akaupeleka nyumbani kwake mgongoni mwa toleka, mjini kati, saa ya soko. Mwishowe alikata kipande cha ubao chenye picha na kukitia kwenye albamu hivyo hivyo. Ndiyo maana albamu yake haifungi.

Ya mshambuliaji aliyekuwa amehamia Bafwasende kutafuta dhahabu, aliiagiza kwa dereva wa lori. Alimwelekeza vizuri: picha ndogo, ya zamani, ya mtu aliyesimama. Dereva akarudi baada ya barabara kuharibiwa na mvua na kutengenezwa tena, amemletea picha ya Mtakatifu Antoni, yule anayeombwa na watu waliopotelewa na vitu. Papa Arbitre hakumkasirikia. Alimweka mtakatifu mahali pa mshambuliaji, na miezi ilipopita, mshambuliaji akaja mwenyewe, amekonda, hana dhahabu, na picha yake mfukoni. Mtakatifu akatolewa, na asante akapewa.

Tatizo la njia hii lilionekana polepole. Watu waliunganisha mambo. Akija Papa Arbitre, matanga yanafuata. Ukweli ulikuwa kinyume chake, yeye ndiye aliyefuata matanga, lakini eleza hilo kwa mgonjwa. Beki mmoja wa zamani alikuwa amelala na malaria siku ya tatu, hawezi kugeuka. Papa Arbitre alipopiga hodi, beki aliinuka, akapitia mlango wa jikoni, akaruka mfereji, akaonekana jioni kwa dada yake upande wa Tshopo, amekula lituma, ndizi za kupondwa, sahani mbili. Mtaani wanasema ndiye mgonjwa pekee aliyeponywa na Papa Arbitre. Picha yake aliituma kwa pikipiki, na ujumbe kwamba hakuna haja ya kuja tena.

Hivyo ndivyo alivyofika thelathini na tisa. Wa arobaini alikuwa Muzee Kushoto.

Huyu alikuwa winga wa kushoto, mwenyeji wa Lubunga ng'ambo ya mto, wa familia moja ya Kiislamu ya zamani sana mjini. Wanaomkumbuka wanasema mguu wake wa kushoto ulikuwa na akili kuliko watu wengine wazima. Yeye hakuwa mgonjwa, hakuwa maskini kuliko wengine, na picha yake alikuwa ameitunza kwenye kopo la chai. Na alikuwa na kesi na Papa Arbitre. Katika fainali moja, miaka ambayo mimi nilikuwa sijajua kutembea, Muzee Kushoto alifunga goli la dakika ya mwisho, uwanja ukalipuka, na Papa Arbitre akapuliza: ameotea. Goli likafutwa, kikombe kikaenda kwa wengine. Hawakuzungumza tena tangu siku hiyo.

Miaka michache iliyopita Papa Arbitre alivaa soksi zake, akavuka mto kwa pirogi. Alirudi amefurahi kuliko nilivyowahi kumwona. Muzee Kushoto alikuwa amemkaribisha, akamfungulia kopo, akamwonyesha picha, akamruhusu hata kuipiga kwa simu. "Piga," alimwambia, "lakini mukono yako isiguse." Papa Arbitre akaona mlango uko wazi nusu. Akataka kumpelekea mwenzake zawadi kubwa, ili mwenzake naye aone haya ya kubaki na kitu kidogo. Hayo nilikuja kuyajua baadaye; siku ile aliniletea simu yake tu, akaomba nikuze picha.

"Nifanye namna gani, papa?" nilimwuliza.

"Kama kawaida," akasema, na akaenda kuchagua fremu.

Nasisitiza kwamba nilimwuliza. Alisema kama kawaida, na kawaida yetu mimi na yeye ilikuwa moja tu. Niliweka mawingu. Niliweka msalaba. Niliweka maneno ya pumziko la amani. Sikuwa nimeambiwa kwamba mwenye picha yuko hai wala kwamba ni Muislamu. Nilichojua ni kwamba umeme ungekatika wakati wowote. Yeye akaifunga kwenye karatasi bila kuitazama, kwa haraka, akavuka mto nayo kifuani.

Yaliyotokea Lubunga nilisimuliwa na yeye mwenyewe, na hadi leo hajaweza kuyasimulia ameketi. Muzee Kushoto alifungua karatasi mbele ya wanawe, wajukuu na majirani waliotoka msikitini. Akajitazama. Akasoma chini. Akatazama juu, kwenye msalaba. Papa Arbitre akatafuta mlango kwa macho. Hatimaye Muzee Kushoto akaegemeza fremu ukutani, taratibu.

"Alors, ulishanizika," akasema. "Na ulishanibatiza vilevile, siku ileile moja. Bon. Ile picha ndogo uko unataka?"

"Nataka."

"Utapata. Uliandika nilikufa, sasa ngoja nikufwe. Siku ile, kuya uchukue. Mbele ya ile siku, usinisumbue na mawingu yako."

Nyumba yote ikacheka, Papa Arbitre pia, kwa kuchelewa. Lakini neno lilikuwa limetolewa mbele ya mashahidi, na kwa mwamuzi neno lililotolewa halirudi nyuma. Tangu siku hiyo akawa na haki ya kungoja, na akaona kungoja vizuri ni kungoja karibu.

Kila Jumapili baada ya misa alivuka. Nikimwuliza anakwenda wapi, alijibu bila aibu: "Naenda kuangalia kama angali muzima." Mwanzoni nadhani alimaanisha. Alibeba sabuni au sukari, kwa sababu mtu haendi mikono mitupu kumwangalia mwenzake kama amekufa. Muzee Kushoto alimngoja kwenye baraza, chai ya tangawizi imeshawekwa, na alimpokea kila mara kwa maneno yale yale: "Bado. Samahani."

Halafu walirudi kwenye fainali. Bakuli la sukari lilikuwa golikipa. Kijiko kilikuwa beki wa mwisho. Glasi ya Muzee Kushoto ilikuwa Muzee Kushoto. Papa Arbitre aliisogeza glasi mbele ya kijiko, upana wa kidole, na kusema: hapa ndipo ulipokuwa. Muzee Kushoto aliirudisha nyuma ya kijiko na kusema: hapa. Mke wa Muzee Kushoto, kutoka jikoni, alikuwa akiwakumbusha kwamba chai inapoa. Glasi ikasogezwa, ikarudishwa, mpaka jua likaelekea kuzama, na mwenye pirogi ya mwisho akapiga kelele. Nilikuwapo mara mbili, nilipokwenda kuwapiga wanafunzi picha za vitambulisho, na mara zote mbili niliona watu wazima wawili wanakaribia kushikana mashati kwa ajili ya kijiko.

Cha ajabu, Papa Arbitre alianza kumtunza. Mvua ikinyesha sana alimpigia simu kumwuliza kama paa linavuja. Alisikia kuna dawa nzuri ya shinikizo la damu kwa mfanyakazi mmoja wa uwanja wa ndege wa Bangboka, akaifuata mpaka huko kwa toleka. Mkewe alimwambia: "Ule mutu akikufa, njo pale utapata picha yako. Sasa unamutafutia dawa juu ya nini?" Akajibu kwamba mchezo hauishi kwa mwamuzi kumwumiza mchezaji. Sikuelewa jibu hilo, na nadhani yeye pia hakulielewa. Lakini dawa ilivuka.

Muzee Kushoto alikufa asubuhi moja ya siku ya kazi, baada ya sala, bila kuumwa. Simu ilipoingia Papa Arbitre alikuwa kwangu. Alisikiliza, akasema "Nakuya," akaweka simu mezani, akasahau kuichukua. Nilifunga studio, nikamfuata.

Kwa Waislamu hakuna kungoja. Tulipofika, kaburi lilikuwa linachimbwa. Hakukuwa na picha kubwa mbele ya watu, hakukuwa na fremu, hakukuwa na kitu cha kukuza wala cha kubadilishana, na kwa mara ya kwanza nilimwona Papa Arbitre msibani hana la kufanya na mikono yake. Nilikaa na wanawake ndani. Yeye akaenda makaburini na wanaume, na waliorudi walisema alishika jeneza upande wa kushoto na akakataa kupokelewa.

Jioni yake, mtoto mkubwa wa marehemu alimwita pembeni mbele ya kopo la chai. "Papa, alisema akikufa tukupatie. Kamata." Papa Arbitre aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaitia mfukoni mwa shati, kati ya kadi ya njano na nyekundu. Ndani ya pirogi sikumwona akiitoa. Nilimwambia pole, na pia nikamwambia hongera, kwa sababu sikujua ni neno gani lilikuwa lake siku ile.

Mtaa ulisherehekea kwa niaba yake. Watu walikuja kuona ukurasa wa mwisho umejaa. Mama wa mikate alikaanga bila kulipwa, kitu kisichotokea mara nyingi. Mhadhiri mmoja wa chuo kikuu alikuja, akasema huu ni urithi wa taifa, akala mikate sita, akaondoka. Wakamwomba Papa Arbitre apulize filimbi ya mwisho wa mchezo. Alipuliza, lakini ilitoka hewa tu.

Baada ya hapo alianza kuzeeka mbele ya macho yangu. Jumapili, misa ikiisha, alitoka kanisani, akasimama njia panda, mguu mmoja umeelekea mtoni. Kisha alirudi, akakaa kwenye kiti changu cha wateja. Padri alipitisha dakika sitini na yeye hakutazama saa. Bombani wanawake waligombana mpaka ndoo zikavunjika, hakutoka. Albamu ilikaa mezani kwake wazi, kwa kuwa haifungi, na sikuona akiigusa. Siku moja aliniambia, bila kunitazama: "Ma fille, mi nilizania nilikuwa natafuta picha." Nilimhurumia sana siku ile, na nilimchukia kidogo marehemu kwa kutimiza ahadi yake.

Nilimshauri aende kumsalimia mjane. Akasema mjane yuko kwenye eda, hawezi kupokea wanaume, na sheria ni sheria hata kama ni za uwanja wa wengine. Miezi ile minne na siku zake ilipita hivyo. Mama wa mikate alikuja kuniuliza kwa sauti ya chini kama ninayo ile picha ya mumewe, ya kitambulisho, ambayo ingeweza kukuzwa. Nilimfukuza, lakini usiku niliitafuta kwenye kompyuta, nikahakikisha ipo.

Kisha Jumapili moja kiti changu kilikuwa kitupu, na iliyofuata pia. Bombani filimbi ikasikika. Nilimwuliza Mama wa mikate, akasema: "Mi sijue. Anavaaka soksi, anatoka." Alisema hivyo kama mtu aliyeamua kutouliza zaidi.

Mwezi uliopita shule moja ya Lubunga iliniita tena kwa picha za wanafunzi. Nilimaliza mapema, nikaona si vizuri kupita bila kumsalimia mjane wa Muzee Kushoto. Nikiwa bado nje ya ua nilisikia sauti ya Papa Arbitre.

"Mama, leo nakuomba mara ya mwisho. Unipatie ile picha."

"Sikupatie."

"Alisema mwenyewe. Mbele ya batu."

"Alisema, lakini yeye alishaenda. Mi niko apa. Sikupatie."

Nilisimama pale pale na mfuko wangu wa kamera. Niliwahi kuiona picha ile kwa macho yangu, kwenye ukurasa wake, kwenye meza yake. Niliingia. Kwenye baraza kulikuwa na chai ya tangawizi, bakuli la sukari, kijiko na glasi. Watoto wawili wa marehemu walikuwa wamekaa karibu wakitengeneza pampu ya baiskeli, kama adabu inavyotaka mama yao akiwa na mgeni mwanamume. Papa Arbitre alinisalimia haraka, macho kwenye kijiko, akaisogeza glasi mbele upana wa kidole. Mjane akanyoosha mkono na kuirudisha nyuma.

"Apa," akasema mjane. "Alikuwa apa. Nilisikia kila dimanche, masikio yangu iko mazima."

Papa Arbitre akaomba ruhusa kwenda kunawa. Mjane alinisindikiza kuelekea lango, na pale nikamwuliza, kwa sababu sikuweza kujizuia, kama picha haiko kwa Papa Arbitre.

"Ilikuwa kwake," akasema. "Eda ilipoisha tu, alinirudishia. Alikuya na sukari, akaweka picha juu ya meza, akasema: mama, ikae kwako. Nikikuya kukuomba, unikatalie." Alitazama kuelekea mlangoni kuona kama Papa Arbitre anarudi. "Njo vile namukatalia. Siku moja nilikuwa na mafua, nilichoka, nilitaka kumupatia tu aende. Lakini nikamuangalia ile uso. Nikamukatalia."

Tulivuka pamoja, Papa Arbitre na mimi. Mto ulikuwa umejaa, na mwenye pirogi alitupeleka kwa kuzunguka mbali, akikwepa magogo. Alikaa wima, soksi zimevutwa, mkoba kwapani, akaniambia kwa malalamiko ya mtu aliyeshiba:

"Amekatala tena. Mwanamuke yule ni mugumu kupita bwana yake."

Nikamwambia avumilie tu, siku moja atakubali.

Aligeuka akanitazama, na nilimwona ameogopa kweli, mzee yule aliyezoea kuogopwa na wengine.

"Usiseme vile, ma fille," akasema. "Usiseme."